Jeneza la Watani

Siku ya mechi ya watani, hapa Bulyaga ukitaka kugombana na mtu, mpe kazi. Hakuna anayefanya chochote. Timu zenyewe zinacheza Dar es Salaam, huko mbali, lakini sisi tunaanza mapema kwa masufuria. Matawi yote mawili, letu na la watani wetu, yanakutana asubuhi kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana yangu. Waliofungwa mara ya mwisho wanapika mbalaga, ndizi na nyama zilizochemshwa mpaka zikalainika. Walioshinda wanakaa, wanakula na kutoa kasoro. Wakishiba, wanalitoa jeneza. Ni jeneza la mbao, limepakwa rangi za watani, linazungushwa sokoni huku watu wakilia kilio cha uongo. Likisharudi ndipo wote tunaingia banda la video kuangalia mpira.

Jeneza hilo nilikuwa nalitengeneza mimi. Ni fundi seremala, na majeneza ya kweli ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo la mzaha halikunisumbua.

Mke wangu alikuwa upande wa pili. Alizaliwa Lufingo, katika nyumba ya watani watupu, na kaka yake ndiye mwenyekiti wa tawi lao hapa mjini. Wakifungwa, yeye ndiye aliyeshika mwiko. Mkono wake ulikuwa wa chumvi nyingi. Miaka yote ya ndoa nililalamika, na siku za mechi nililalamika mbele za watu kusudi, naye ananijibu, "Kula, mtani. Wewe umezoea kulamba vumbi la mbao."

Mara ya mwisho jeneza lilitoka fupi. Nilibana mbao, nakiri. Watani walitucheka mpaka jioni, eti tunazika mtoto. Tuliwafunga vilevile, mwiko ukabaki kwao na jeneza likabaki kwetu, lakini mimi nilirudi nyumbani nimenuna. Safari hii nikasema watakoma. Nilikuwa na mbao za paina zilizokaukia darini, juu ya jiko la kuni, nikazishusha zote. Futi yangu ilikuwa haionekani, nikachukua kamba, nikamwita mke wangu asimame ukutani.

Alikuja na mikono yenye unga. Nikampima utosini hadi kisiginoni.

"Leo umeamua kunizika kweli," akasema, huku amesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kitambaa cha ndani alikishona mwenyewe, cha rangi za timu yake. Alisema kama tunawazika, basi tuwazike kwa heshima.

Siku nne baadaye alianguka jikoni, asubuhi. Presha. Tulipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Sikulia. Watu wakanisifia kwamba nimejikaza, na mimi sikuwa nimejikaza; hakukuwa na kitu cha kukaza. Kilio cha wanawake nilikisikia kama redio ya jirani.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mbao zilizobaki karakana zilikuwa mbichi, ukizipiga randa zinatoa maji. Wakwe wakashauri gari litumwe Mbeya likanunue jeneza. Nikakataa, tena kwa ukali. Mimi, fundi wa majeneza, nimnunulie mke wangu jeneza la mtu mwingine? Nikajifungia karakana. La watani lilikuwa limesimama kwenye kona. Nikalipiga randa upande wa nje mpaka rangi zikatoka, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Kitambaa chake cha ndani sikukitoa. Nilikifunika kwa shuka jeupe. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mimi nikiitazama tu. Tulipomlaza, alienea sawasawa. Angeachaje kuenea?

Tulimzika Masukulu, kwetu. Baada ya matanga ndipo woga ulipoingia, na huo ndio kitu pekee nilichokihisi kwa siku nyingi. Watu wakijua kwamba nilimpima kwa kamba akiwa mzima, na kwamba amelala kwenye jeneza la mzaha, watasema nilimchuria mke wangu. Shemeji yangu atakuwa wa kwanza. Wala nisingeweza kumlaumu, kwa sababu hata mimi, nikibaki peke yangu, nilikuwa nasema hivyohivyo.

Haukupita mwezi, siku ya mechi ikafika. Mpira hausubiri msiba wa mtu. Watani wakaja na sufuria lao, mwiko ukashikwa na mwanamke mwingine. Nilikaa kwenye benchi, jezi yangu nimeifunika kwa koti. Watu walinisalimia kwa sauti ya chini, kisha wakaenda kucheka mbali kidogo, ili nisiwasikie. Sikuwachukia. Sikuwa na nguvu ya kumchukia mtu.

Kisha akaja katibu wa tawi letu, mtu asiye na breki mdomoni.

"Fundi, pole tena. Sasa lile jeneza letu tulitoe?"

Nilikuwa nimeandaa uongo. Ningesema mvua imeliharibu. Lakini shemeji yangu alikuwa amesimama palepale, ananiletea sahani, na uongo ukakataa kutoka.

"Halipo," nikasema, nikimtazama yeye. "Dada yako amelala humo."

Nikasubiri shemeji anipige. Kusema kweli nilitamani anipige, angalau niumie mahali.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku ile ulipompima alinipigia simu. Alicheka mpaka akashindwa kuongea. Akaniambia, kaka, safari hii shemeji yako katutengenezea la maana, hatuzikwi kitoto." "Siku ya msiba, wakati wanafunika, niliona pindo la kitambaa chini ya shuka. Na vanishi yako ilikuwa haijakauka. Ilinigandia viganjani siku mbili."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, shemeji? Lilikuwa lake. Alilishonea kwa mkono wake."

Akanikabidhi sahani. Akamgeukia katibu, akamwambia leo watani hawazikwi, watu waanze kula. Hakuna aliyebisha. Mtu akapitisha maji ya kunawa.

Nikamega ndizi, nikatia mdomoni. Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa, vile nilivyokuwa nikidai miaka yote. Nikaomba chumvi.