Maji Yaliyolala katika Bafu la Mama Mkwe

Bafu lile nililijenga kwa heshima. Kwetu Bungoma mwanamume hamkaribii mama mkwe wake: hampi mkono, hali naye meza moja, na neno lake humfikia kupitia kwa mke. Kwa hiyo tulipohamia Kitale nilimwekea chumba nyuma ya nyumba, na bafu lenye hita yake, tangi la maji chini ya mabati. Akiwa kwake Bungoma, hita tuliizima. Ingewaka kwa ajili ya nani?

Mwaka huu alilazwa kwa nimonia. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituuliza ataoga wapi, nami nikamweleza. Akasema maji ya hita iliyozimwa hutulia, mabati ya paa huyapasha kidogo kila mchana, na katika uvuguvugu huo bakteria huzaliana. Hatari hasa si kuyanywa. Ni yale matone madogo ya bomba la mvua, ambayo mtu huyavuta kwa pumzi hadi mapafuni. Mwenye afya huenda asihisi kitu. Mapafu ya mama yasingestahimili.

"Washeni mpaka yawe moto kabisa," alisema, "yakae hivyo saa kadhaa, kisha yamwageni. Ndipo aoge."

Asubuhi yake, mke wangu akiwa sokoni, niliwasha hita nikaenda kukamua. Sijamaliza, nikasikia mlango wa bafu ukifungwa.

Hapakuwa na mtu wa kutuma. Nilisimama nyuma ya ukuta, nikageuzia uso mahindi, nikapaza sauti: "Mama! Usifungulie maji!"

Sauti ikatoka ndani: "Nani huyo? Si mkwe?"

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Ati leo umepata mdomo! Nilidhani binti yangu aliolewa na bubu."

"Hayo maji yamelala sana. Yana vijidudu vya kuingia kifuani."

Akakohoa. "Vinaonekana?"

"Havionekani, Mama."

"Na unaviogopa kuliko unavyoniogopa mimi?"

Nikacheka, macho bado mahindini. Nilimchemshia maji ya bomba la jikoni, nikayaacha mlangoni kwa beseni, nikaondoka.

Jioni nilifungua dirisha la bafu, nikafungulia mabomba yote, nikatoka. Mvuke ulipanda mweupe katika baridi ya Kitale. Niliutazama kwa mshangao mkubwa. Viumbe ambavyo jicho haliwezi kuviona vingeweza kumwangusha mwanamke aliyelima Tongaren maisha yake yote. Na kinachoviua ni moto tu, ambao mtu yeyote anaweza kuuwasha kwa kidole, mradi akumbuke mapema.

Kesho yake alioga. Nikiwa zizini nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani. Katikati ya ubeti pumzi ikamkatikia. Mikono yangu ikasimama. Kisha akaendelea, sauti ikiwa juu zaidi. Desturi haikunikataza kusikiliza.