Mahame ya Kwetu

Kabla sijaanza kutafuta habari za ukoo wangu, nilikuwa na kauli moja niliyoipenda kuliko zote: mimi sikurithi kitu. Niliisema msibani, niliisema harusini, nilimwambia hata afisa aliyekuja kukagua mizani yangu. Na nilikuwa na haki ya kuisema. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuuza mafuta ya taa kwa vibaba pale Iguguno, nikaingia kwenye mitumba, nikapata baiskeli. Soko huria lilipofunguka, wenzangu bado wanasubiri chama cha ushirika kije kununua alizeti yao kama zamani, mimi nilikuwa nimeshapita nyumba kwa nyumba na magunia yangu. Wasomi walikuwa wanajadili soko huria ni kitu gani. Mimi nilikuwa ndani yake. Nikanunua mashine ya kukamua, nikaijengea banda la tofali za kuchoma na mlango wa chuma. Watu walileta alizeti kwangu kutoka mpaka Mtinko. Hilo halina ubishi.

Basi wakaja watu wa hukohuko Mtinko kumposa binti yangu mkubwa. Niliwakalisha kwenye makochi, nikawapa soda, nikaanza kuwaeleza nilikotoka na nilipofika. Walisikiliza vizuri. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyefunga shati mpaka kifungo cha juu akaweka chupa chini, akasema wanataka kujua ukoo, watoto wasije wakaoana kumbe ni ndugu. Ukoo wa baba nikautaja. Wa mama nikautaja. Akauliza, na bibi yangu je, yule aliyemzaa baba, alitoka kwa nani?

Nikawaambia, "Wazee, mimi hapa najulikana."

"Wewe tunakujua," yule mzee akasema kwa upole. "Hata mafuta yako tunakula. Tumemuulizia bibi."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, na binti yuko nyuma yake. Wazee wakasema hawana haraka, nikishapata jibu niwatumie habari. Wakaaga kabla hata neno la mahari halijaguswa.

Nilianza kazi ile kama ninavyoanza kila kitu: nikanunua. Nilizunguka kwa wazee na kilo za sukari, nikauliza bibi yangu alikuwa nani. Mmoja akaniambia alikuwa binti wa mtemi. Nikafurahi sana. Mwingine, baada ya kuongezwa sukari, akanipa mtemi mkubwa zaidi. Kila nilipokwenda ukoo wangu ulikuwa unapanda cheo, mpaka mama mmoja mzee, jirani yetu wa zamani, akakataa kuupokea mfuko.

"Hao wanakula sukari yako, mwanangu," akasema. "Dada wa baba yako si yuko hai? Sisi unatuuliza nini?"

Nilijua yuko hai. Shangazi yangu aliolewa Mitundu, kule upande wa Itigi, na ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, kabla hajaenda kwa mumewe. Mara ya mwisho nilimwona kwenye mazishi ya baba. Siku ile nilimtafutia lori la kumrudisha, nikamwahidi kwamba nikimaliza mavuno nakuja. Mavuno yanaisha, nasema nikimaliza kukamua. Kukamua kunaisha, inakuja mvua. Gari ninalo. Mafuta ya gari ninayo. Sikwenda.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mkwewe anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema. Akatega sikio kidogo. "Hiyo ni sauti ya mtu aliyeshiba. Ni yule wa mashine. Nasikia mashine yako inasikika mpaka Singida mjini. Huku kwangu tu ndiyo haijafika."

Nikacheka kwa sababu watu wa pale walikuwa wanacheka. Nikatoa zawadi, kitenge na blanketi, kisha nikamweleza habari ya posa. Aliposikia swali lenyewe akaacha maharage. Akasema mambo ya mama yake hayasemwi juu ya udongo wa watu.

"Nipeleke mahameni. Nikae naye kidogo, nimsalimie, halafu nitakwambia yote unayotaka. Mwaka huu kivuli bado nakiona. Mwakani sijui."

Kwa asiyejua, mahame ni mahali palipokuwa na mji wa watu wakahama. Sisi tulihamishwa wakati wa kuingia vijiji vya ujamaa, nikiwa mtoto wa kufukuza ndama. Nyumba zilibomoka, wazee wetu wakabaki ardhini. Nilimjibu shangazi kwamba hilo ni dogo. Tunaondoka kesho.

Tulipita Itigi, tukalala kwa jamaa yangu wa biashara, asubuhi tukashika njia ya Singida mjini. Sehemu kubwa ya safari alisinzia kwenye kiti. Tulipouacha mji nyuma yetu na kuanza kuelekea Iguguno, akachangamka, akahamia kwenye Kinyiramba chetu, akaanza kunielekeza kama vile mimi ndiye mgeni. Akasema nitaona minyaa, ule uzio wa zizi, hauwezi kufa ule. Babu yako tulimzika mlemle zizini, mwenye mji wake. Mama yuko nje, upande wa jikoni.

"Na jiwe lake utaliona," akasema. "Jiwe la kusagia. Tulimwekea juu, tukalilaza kifudifudi. Apumzike. Alisaga sana yule."

Niliendelea kushika usukani.

Mahame yale ndiyo shamba langu kubwa la alizeti. Nilipoanza kutafuta ardhi nilijua kwamba udongo wa zizi la zamani una nguvu kuliko mbolea yoyote ya dukani, nikaenda serikali ya kijiji nikawaambia pale ni kwetu, babu yangu ndiye aliyefyeka. Siku ile habari za ukoo nilizijua vizuri sana. Nikapewa. Yule mama jirani, huyohuyo aliyekataa sukari, aliniuliza kama nimeshamwambia shangazi yangu, kwa sababu kwetu mahame hayalimwi mpaka wa nyumba ile wajulishwe, waje waonyeshe walipolala watu wao. Nikamjibu Mitundu ni mbali na trekta nimeshalikodi.

Minyaa niliing'oa ikachomwa. Mawe yalikuwa yanavunja jembe la trekta, nikaamuru vibarua wayaokote yote, yakapakiwa kwenye tela na kuwa msingi wa banda la mashine. Moja lilikuwa limelala kifudifudi. Walipoligeuza lilikuwa na bonde katikati, laini kama bakuli. Nilisema hili lisizikwe kwenye msingi, ni zuri, liwekwe mlangoni watu wakanyagie kuingia. Mvua ikinyesha kuku walikuwa wanakunywa maji humo.

Sikumwambia shangazi. Nilijipa matumaini kwamba pengine ni jiwe jingine, kila nyumba ilikuwa na jiwe. Nikaendesha mpaka shambani.

Alizeti ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mashina tu. Alishuka na fimbo yake, akasimama, akageuza uso huku na huku.

"Minyaa iko wapi?"

"Ilikatwa."

"Na nani?"

"Watu."

"Watu," akasema naye, akaanza kutembea. Alikuwa anapapasa ardhi kwa unyayo, anatafuta mahali palipoinuka, na trekta lilikuwa limesawazisha kila kitu. Alikwenda mpaka akajikwaa kwenye mashina, akarudi, akaanza tena kutokea upande mwingine. Nilimwangalia nikapata wazo, na wazo hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo kuliko kulima kwenyewe. Niliona kwamba huyu anaona kivuli tu. Jiwe lolote litamtosha. Atasalimia, atanitajia majina, binti ataolewa, nani atajua?

Pembeni nilikuwa nimeacha jiwe moja la kuonyesha mpaka. Nilimshika mkono nikampeleka. Nikasema, "Hapa, shangazi."

Alivua viatu. Akachuchumaa, akaliwekea jiwe kiganja juu, akatulia. Kisha akaanza kusema na mama yake kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Aliomba radhi kwa kukawia. Akasema wa Mitundu wanakusalimu. Halafu akasema, "Na huyu niliyekuja naye ni mjukuu wako. Ndiye aliyetaka kukujua. Wengine wote wametulia, yeye ndiye aliyenifuata."

"Shangazi, inuka," nikasema. "Siyo hapo."

Hakuinuka. "Ni wapi?"

"Sijui. Nimelima pote. Jiwe lake liko kwangu, mlangoni kwa mashine."

"Linafanya nini huko?"

"Linakanyagwa."

Nilisubiri anilaani. Nasema kweli, nilitamani anilaani, kwa sababu laana ina njia zake, unatoa mbuzi au ng'ombe, wazee wanakaa, mambo yanasafishwa, na mifugo ninayo. Yeye alinyoosha mkono tu akaomba viatu vyake. Niliinama nikamvalisha.

Mashineni palikuwa na wateja wamejipanga na magunia. Niliwaambia wazime injini. Shangazi akaketi chini mlangoni, akaingiza kiganja kwenye lile bonde. Mlikuwa na vumbi na mafuta yaliyodondoka. Akapangusa kwa ncha ya kanga yake, akapangusa tena, mpaka jiwe likang'aa.

"Mlilikuta limelalaje?" akauliza.

"Kifudifudi."

"Na wewe ulipoliona limelala hivyo, ulidhani limejilaza lenyewe?"

Nikasema nitalirudisha leo hii, nakwenda kutafuta tela.

"Utaliweka wapi?"

Mimi ni mtu wa majibu. Mtu anayefanya biashara na mimi anajua hilo. Niligeuka nikaangalia upande wa shambani.

Akasema basi ligeuzwe hapohapo, lilale kama walivyomlazia mama yake. Wateja wawili wakanisaidia, na tulipolipindua likatoa mlio mdogo juu ya sakafu. Hapo ndipo shangazi akaanza kunitajia, mbele ya watu na magunia yao: jina la mama yake, jina la baba wa mama yake, ukoo, na kijiji walichotoka. Kila jina alitaka nilirudie kwa sauti. Nikikosea ananyamaza mpaka nipatie. Hakukuwa na mtemi hata mmoja. Walikuwa watu wa kulima uwele na kufuga, na bibi alisifika kwa unga mlaini.

Nilituma habari Mtinko. Damu haikukutana, mahari ikazungumzwa, binti akaolewa. Shangazi alikubali kubaki mpaka siku ya harusi, akacheza kidogo akiwa amekaa, akawatania wakwe kama kawaida yake. Lakini mke wangu ndiye aliyeniambia jambo ambalo mimi sikuliona. Tangu siku ile ya mlangoni, shangazi alikuwa anaomba mboga yake ichemshwe kwa chumvi tu. Pilau ya harusi hakuigusa. Mafuta yangu hakuyala mpaka namrudisha Mitundu, na hakusema kwa nini.

Sasa nakwenda kila mwaka. Kivuli alichokuwa anakiona kimeshaondoka. Ananiuliza habari za watoto, ananitania kuhusu tumbo langu, na kuhusu mahame haniulizi.

Ule mlango wa banda niliuziba kwa tofali, nikatoboa mwingine upande wa pili, na jiwe limebaki palepale nje ya ukuta, mgongo juu. Shambani nimeacha kipande bila kulima, ninapokadiria palikuwa upande wa jikoni. Kila msimu trekta linapofika hapo dereva anasimama, ananiuliza aanzie wapi kukata kona, nami namwonyesha kwa mkono, kwa sauti ya mtu anayejua shamba lake. Kisha nabaki nimesimama, nikijaribu kukumbuka kama mwaka jana nilionyesha palepale.