Kaka wa Sunita

Enzi zetu pale Wheaton, Marekani, nani alikuwa na kengele ya mlango yenye kamera? Ulifuata pua tu. Korido nzima ya ghorofa ilijisema yenyewe: kwetu, tuliotoka Kenya, chapati; mlango wa pili, kwa kina Sunita waliotoka Nepal, ubani na maziwa yanayochemka na iliki. Tulikula kotekote, tukacheza mpira wa soksi kwenye ngazi mpaka mzee wa chini agonge dari kwa ufagio.

Kwa kina Sunita kulikuwa na rafu moja ambapo Buddha alikaa bega kwa bega na miungu ya Kihindu, kila mmoja na maua yake. Nilishangaa kweli. Kanisa letu na lile la ng'ambo ya barabara yalishindwa hata kugawana maegesho ya magari!

Lakini raha yenyewe ilikuja majani yakianza kuanguka, kwenye sikukuu yao ya taa. Siku moja mbwa walivishwa mashada ya maua, na mbwa wa jirani akatembea kama bwana harusi. Siku ya mwisho, dada humpaka kaka yake rangi saba kwenye paji la uso. Sunita alikuwa mtoto wa pekee. Kila mwaka aliwatazama binamu zake wakiwapaka kaka zao, yeye ameshika sahani ya peremende na hana wa kumpa. Tulipokuwa darasa la tano aliniomba niwe kaka yake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kazi ikabaki kwa Mama.

Mama alikuwa Mkristo wa kufunga na kukesha. "Hapana," alisema. "Ukirudi na hiyo rangi kwa face, utaiexplain kwa pastor wewe mwenyewe."

Sunita alilia mpaka tukamsikia kupitia ukutani. Jioni mama yake akabisha hodi, akaketi jikoni kwetu, na kwa Kiingereza cha kuokoteza akaeleza: dada humzungushia kaka mafuta ya haradali sakafuni, kisha huvunja kokwa gumu kizingitini, ili kifo kisivuke kumfikia.

Mwaka ule mdogo wake Mama wa kiume alikuwa amefia Nakuru, na kwa shida ya makaratasi ya uhamiaji Mama hakwenda kumzika. Akafuta macho kwa upindo wa leso. "Wangu hakuna mtu alimzungushia," alisema. Kisha akanigeukia. "Enda. Lakini usipigie sanamu magoti. Na ubebe chapati."

Weh! Sunita alipiga lile kokwa kwa jiwe, likapasuka, nyumba nzima ikashangilia. Nikavishwa shada la maua ya zambarau, yale yasiyonyauka. Sijawahi kujiona mtu muhimu vile.

Siku hizi naishi Bowie, mji mwingine, na majirani tunapungiana mikono kupitia vioo vya gari. Wanangu nikiwahadithia haya hujibu, "Cool, Dad," macho kwenye simu. Mkubwa aliuliza kwa nini Sunita, anayenipaka kila mwaka hadi leo, asinipake kwa video. Mtoto huyu! Natamani angeonja korido ile hata kwa siku moja.

Mwaka huu kazi ilinibana, nikataka kuahirisha safari ya Wheaton. Simu ikalia. Alikuwa Mama, mzee sasa, ameshaketi sebuleni kwa Sunita.

"Uko wapi? Mafuta iko ready. Kuja nikuone ndani ya hiyo circle."