Neno moja kwenye code yangu lilivyonifanya nichimbe kaburi la baba yangu mwenyewe

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo naupandisha kama ulivyo. Majina nimebadilisha, la kijiji nimeliacha nyumbani. Jueni tu ni Mkalama, mwendo wa bodaboda kutoka Nduguti. Mengine yote ni kweli tupu, na natamani yasingekuwa.

Nina diploma ya IT. Nimesoma Dodoma, ajira zikanikataa, nikarudi nyumbani nikafungua stationery. Photocopy, kuchapa barua, kuwaombea watu ajira online ambazo mimi mwenyewe niliomba nikakosa. Chekeni kidogo hapo halafu tuendelee, maana mbele hakuna pa kucheka.

Kijijini kwetu kuna chama cha kuzikana. Vitongoji viwili, Mlimani na Bondeni. Katikati kuna mashamba ya alizeti na korongo, kwa miguu ni saa nzima. Sisi ni wa Mlimani.

Utaratibu wetu ni kwamba mfiwa hashiki jembe. Msiba ukiwa Mlimani, Bondeni wanapanda kuja kuchimba kaburi. Ukiwa Bondeni, Mlimani tunashuka. Imekuwa hivyo tangu sijazaliwa. Ukimwacha mwenzako amchimbie mtu wake mwenyewe, umemwambia mbele ya kijiji kizima kwamba hana watu.

Taarifa ilikuwa inapelekwa kwa baiskeli, na mpelekaji alikuwa baba yangu. Anafika mlangoni, haketi, hanywi maji. Anasema nani amefariki na mazishi ni lini, anapanda baiskeli kwenda nyumba inayofuata. Nyumba sabini na tisa. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi na sijawahi kusikia kuna nyumba aliiruka.

Goti lake lilipoanza kusumbua, mimi msomi nikaona zamu yangu imefika.

Nikaandika program ndogo ya kompyuta kwa lugha ya Python. Unaandika ujumbe mara moja, inapita kwenye list ya wanachama, inatuma SMS kwa kila mtu. (Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikufungua group la WhatsApp. Mkuu, nusu ya wanachama wana vitochi, simu za kubonyeza zisizo na intaneti. Tuliza mshono.)

List alinipa katibu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza. Alianza na Mlimani, akafuata Bondeni, na kila kitongoji alitanguliza wazee kwa heshima ya umri. Kwetu huwezi kumwandika mzee chini ya mtoto.

Sasa kwa wasiojua mambo haya. Loop ni pale unapoiambia kompyuta irudie kazi ile ile kwa kila jina kwenye list. Ndani yake unaweza kuweka maneno ya kuiongoza. Ukiweka continue, maana yake ni ruka huyu, nenda kwa anayefuata. Ukiweka break, maana yake ni toka, acha list yote iliyobaki.

File nililochapa kutoka kwenye list ya katibu lilikuwa na mistari mitupu mwishoni, ikawa inaleta error. Nikawaza, ikikutana na sehemu ya namba iliyo tupu, basi list imeisha. Nikaweka break. Nikajaribu kwa namba kumi za washikaji zangu, wote wakapata. Chini ya loop nikaweka mstari wa kuandika kwenye screen: TAARIFA IMEWAFIKIA WOTE.

Soma tena hapo mkuu. Mstari huo ulikuwa unaandika hivyo hata kama haijamfikia mtu yeyote.

Mtu wa kwanza kwenye list ya Bondeni, kwa umri wake, alikuwa Bibi Nkungu. Bibi Nkungu hana simu. Hajawahi kuwa nayo.

Nadhani programmers wote mmeshaona nilipojikwaa.

Msiba wa kwanza baada ya program yangu ulikuwa wa mke wa mwenyekiti wetu, Mlimani. Katibu akanipigia asubuhi, nikatuma, screen ikaniambia wote. Kesho yake watu wakakaa wanasubiri Bondeni wapande. Saa nne. Saa sita. Hakuna mtu. Mwishowe mwenyekiti mwenyewe, mzee wa watu aliyefiwa na mke, akashika sururu.

Kikaitishwa kikao. Kiongozi wa Bondeni, Mzee Kitundu, akasimama akasema hawakupata kitu.

"Sisi tumesikia siku ya tatu, mnadani. Tumesikia kwa wauza vitunguu kwamba tumefiwa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kijana, zilienda au hazikwenda?"

"Zilienda zote, mzee. Mashine haimjui wa Mlimani wala wa Bondeni."

Watu wa upande wetu wakacheka. Mzee Kitundu akatoa kitochi chake mfukoni, akaninyooshea. "Mwanangu, mimi macho yangu mabovu. Tafuta humo mwenyewe."

Sikukipokea. Wakuu, sikukipokea kile kitochi. Nikasema, "Inawezekana umefuta bila kujua, mzee."

Mzee wa umri ule, mbele ya watoto wake. Kikao kikaamua Bondeni waombe radhi. Mzee Kitundu akavua kofia, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka waliokaa nyuma wakamwambia arudie. Akarudia.

Nyumbani baba akaniita. "Kitundu namfahamu. Hajawahi kusikia msiba akakaa kwake. Hicho kitu chako una uhakika nacho?"

"Nina uhakika, baba."

Kesho yake mchana, dukani hakuna mteja, nikafungua ripoti ya kampuni ya SMS. Kitu ambacho ningekifungua kabla ya kikao ningekuwa mtu mwingine leo. Zilizotumwa: thelathini na nane. Mlimani tupo thelathini na nane.

Nikafungua code, nikaiona break imekaa pale. Nikaifuta, nikaweka continue. Sekunde tano. Nikajaribu bila kutuma SMS, ikapita list yote mpaka mwisho. Nikafunga laptop nikaenda kula.

Ndiyo, nilikwenda kula. Sikumwambia mtu.

Mtaniuliza kwa nini. Aibu tu. Nilikuwa nimesema maneno makubwa mbele ya watu, na mtu mwenye diploma kwetu ni mmoja. Nikajiambia kosa nimeshalirekebisha, mbele ya safari mambo yatakaa sawa. Code ilikuwa imekaa sawa. Watu je?

Miezi michache baadaye Bondeni walipata msiba. Hawakumpa katibu taarifa. Walichimba wenyewe, wakazika wenyewe. Baba alikutana na mmoja wao njiani akitoka makaburini na chepe begani, akamuuliza nani amefariki, yule akampita.

Siku hiyo baba alikaa nje. Akasema, "Kuna kitu kimeharibika hapa na mimi sikijui." Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi moja. Nilikuwa nakijua. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, na sikuufungua.

Baba alifariki bila kukijua. Presha, asubuhi, akiwa anafunga viatu.

Taarifa ya msiba wake niliituma mwenyewe. Naandika jina la baba yangu kwenye program yangu. Safari hii niliangalia ripoti: sabini na nane zimetumwa, sabini na nane zimefika. Hakuna hata moja iliyokwama.

Kesho yake tukasubiri. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo naliona korongo. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nikimwona mtu yeyote kule chini nasimama. Alikuwa mchunga mbuzi. Saa sita katibu akanishika bega akasema, "Tuanze, jua linakwenda."

Nikachukua sururu. Wenzangu wa Mlimani walijaribu kuninyang'anya, nikakataa. Udongo wetu mnaujua, juu mchanga, chini mwamba. Kila nikipiga nasikia sauti yangu kichwani: inawezekana umefuta bila kujua, mzee. Nilichimba mpaka viganja vikapasuka. Baba yangu aliyepeleka taarifa za misiba ya watu wote alizikwa kama mtu asiye na watu.

Nilidhani hapo ndipo pabaya. Kumbe bado.

Siku ya nne baada ya mazishi akaja Bibi Nkungu. Peke yake, na fimbo yake, saa nzima ya watu wazima wenye miguu mizima. Kwake sijui ilikuwa saa ngapi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akakaa chini.

"Nimesikia jana kisimani. Kwa nini sikuambiwa?"

Nikamletea kigoda, akakisukuma kando kwa fimbo.

"Mume wangu alipokufa, baba yako ndiye aliyenichimbia. Wanangu wanne wanazo simu. Walijua, wakanyamaza kwa sababu ya alivyoaibishwa Kitundu. Mimi ningejua, ningewatoa ndani na fimbo hii mmoja mmoja, waje wachimbe. Baba yako angefika mlangoni kwangu. Wewe kwa nini hukufika?"

Wakuu, continue ilifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Ilikutana na mtu asiye na simu, ikamruka, ikaenda kwa anayefuata. Sabini na nane kati ya sabini na tisa, na mimi nikaona hesabu imetimia. Aliyerukwa ndiye peke yake aliyekuwa na nguvu ya kuwaleta.

Nilimwambia yote pale pale, tangu mwanzo. Sijui kama break na continue alizielewa. Alielewa kwamba nilijua nikanyamaza.

Jumapili yake nilishuka Bondeni nikamkuta Mzee Kitundu anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mkononi. Hakunifokea, ningeshukuru angenifokea.

Akasema, "Niliomba radhi mara mbili. Ya kwanza hawakusikia. Baba yako amekufa tukiwa tumeishia hapo. Sasa wewe unataka nikusaidie nini?"

Akaendelea kupepeta.

Nilirudia maungamo hayo hayo kwenye kikao cha Mlimani. Mwenyekiti alitoka nje kabla sijamaliza. Bondeni wameanzisha chama chao, sisi tuna chetu. Msiba ukitokea kila upande unajichimbia. Ndivyo tunavyoishi sasa hivi ninavyoandika.

Program niliifuta. Taarifa za upande wetu napeleka mwenyewe kwa baiskeli ya baba, siketi, sinywi maji. Na nikimaliza Mlimani navuka korongo mpaka kwa Bibi Nkungu, ingawa si mwanachama wetu tena. Ananisikiliza, anaingia ndani, anafunga mlango. Shikamoo yangu mpaka leo hajaiitikia.

Nilichojifunza: kosa la kwenye code nililirekebisha kwa sekunde tano. La mdomoni nililiacha likakaa miezi, na hilo halina pa kufuta. Na wewe unayeandika program za watu, ukiona nafasi tupu kwenye list, kabla hujaiambia mashine itoke au iruke, nenda kaulize ni nani huyo.

Wenye kutukana tukaneni, nimeshazoea. Lakini kama kuna mtu humu alishawahi kumwambia mzee ni mwongo kisha akagundua mwongo ni yeye, aniandikie hapa chini: aliitikiwa shikamoo baada ya muda gani?