Vumbi la Uwanjani kwa Mama

Mama yangu aliosha vumbi la miezi saba kwa sabuni ya unga, na mpaka leo sioni kwa nini niombe radhi kwa niaba yake. Wanaocheka wacheke. Hata mimi nilicheka, ila baada ya kulia.

Wakati huo nilikuwa mtafiti msaidizi katika mradi wa kupima vumbi linalopeperushwa kutoka nyanda kavu hadi kwenye mashamba yanayouzunguka Mlima Meru. Ukame ulikuwa umezipiga nyanda zile misimu kadhaa mfululizo, na majani yakiisha udongo hauna wa kuushika. Chombo chetu cha kazi hakikuwa na fahari yoyote: beseni pana juu ya nguzo, limejazwa gololi, zilezile wanazochezea watoto. Vumbi likitua linazama katikati ya gololi, upepo haulipati tena. Mwisho wa mwezi unasuuza gololi kwa maji safi, unayakausha maji, unapima kilichobaki.

Beseni moja tuliliweka Ngaramtoni, juu ya paa la duka. Jingine niliomba liwekwe Nkoaranga, uwanjani kwa mama, kati ya migomba na kahawa. Nililipigania. Mkuu wa mradi, daktari wa mambo ya udongo mwenye ofisi yake Njiro, alisema huko juu ni kijani kitupu, vumbi litoke wapi? Nikamwambia nimezaliwa huko, jani la kahawa nalijua. Miaka hii, ikifika Februari, ukipitisha kidole juu ya jani kinatoka chekundu. Kahawa ya mama ilikuwa inapukutisha maua kabla hayajashika, na mfereji uliomlisha bibi yangu ulikuwa umebaki wa kulowanisha mawe.

Basi kila mwezi, siku ya Jumatatu, nikawa napanda Nkoaranga kuchukua kipimo, na kila mwezi sipati kitu. Chupa ya Ngaramtoni inatoka na tope, ya kwetu inatoka na maji meupe.

“Dada, mlima wenu umebarikiwa,” mkuu alinitania mbele ya wenzangu.

Rasimu ya ripoti ikaandikwa kwamba miteremko ya kwetu haifikiwi na vumbi. Ripoti hiyo ndiyo ambayo halmashauri ingeitumia kuamua vijiji gani vipewe miche ya kukinga upepo na vitengenezewe mifereji. Yaani mama yangu na majirani zake walikuwa wanafutwa kwenye orodha, na namba za kuwafutia nilizipeleka mimi mwenyewe. Nilikosa usingizi. Nilianza kudhani kwamba kidole changu ndicho mwongo.

Mwezi wa saba wa upimaji nilipanda siku ya Jumamosi, bila kutoa taarifa. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, gololi zangu zote zimo kwenye karai la povu, mkononi ana mswaki uliokwisha kazi yake. Anazisugua mojamoja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona leo? Usikanyage hapo, nimeshafagia.”

“Mama, unafanya nini?”

“Si unaona? Kesho Jumapili, watu wakitoka kanisani wanapita hapa. Na chombo chako hiki, we acha tu! Wiki moja, maji yake kama chai ya maziwa. Kila Jumamosi nakiosha. Ulitaka waseme binti yangu msomi ameniletea takataka uwanjani?”

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Mama aliogopa, akadhani kuna msiba. Nilipomweleza, aliuweka mswaki chini taratibu.

“Kwa hiyo huo uchafu ndio ulikuwa unautaka?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hukusema?”

Sikusema. Mtendaji wa kijiji nilimweleza kwa michoro karibu saa nzima. Mama yangu mzazi nilimwambia tu, “Angalia kuku wasilipande.” Kwetu, mwanamke aliyeacha uwanja mchafu Jumamosi atasemwa mpaka Jumamosi nyingine. Mimi nimeushika ufagio wa uwanja ule tangu ufagio ukinizidi urefu. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, kisha nikasoma nikalisahau. Kosa lilikuwa langu, na nililibeba mwenyewe hadi Njiro siku ya Jumatatu.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, “Tuliache. Ripoti imeshakamilika, na ile sifuri haimdhuru mtu.”

“Inamdhuru mama yangu,” nikamjibu. “Sifuri ni kipimo, Dokta, na sisi hatukupima vumbi. Tulipima usafi wake.”

“Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Unalijua hilo?”

“Nalijua. Andika kwamba hatujui. La sivyo, toa jina langu.”

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia. Mkuu akaivuta kompyuta, akafuta mstari wa Nkoaranga, akaandika kwamba takwimu hazikupatikana na upimaji unaendelea. Mkataba aliniongezea miezi mitatu, ili tuone, kwa maneno yake, kiburi changu kitazaa nini.

Kilizaa chupa. Mwezi wa kwanza tu, maji ya kwetu yalitoka yakiwa na rangi ileile aliyoitaja mama. Niliipeleka chupa hiyo Njiro nikaiweka juu ya meza ya mkuu. Tangu siku hiyo hakunitania tena.

Lakini aliyelipa gharama kubwa ni mama. Uwanja wake uliendelea kufagiwa, ukimeremeta, na katikati yake beseni limesimama juu ya nguzo, chafu, kila mpita njia analiona. Jumamosi alikuwa analigeuzia mgongo ili asilitazame. Mwezi wa tatu wa nyongeza ile ibada ya jumuiya ikaangukia kwake. Wanawake walikuja mapema kupanga viti, na mmoja wao, kwa wema kabisa, akakunja ncha ya kanga yake akalisogelea beseni alifute.

“Acha!” Mama alitokea jikoni mwiko ukiwa mkononi. “Hilo ni vumbi langu.”

“Lakini mchungaji anakuja, mama,” akasema yule mwanamke. “Ataona nini?”

“Aje alione. Kuna watu walitaka kuandika kwamba hatuna.”