Viatu vya Madow

Adhuhuri, watu wa Balambala wakishaswali na kujilaza, mbuzi wa Istahil husimama. Huwa wamelala kivulini wakicheua, kisha wote huinuka kwa pamoja, wakajikusanya katikati ya zizi na kugeuza vichwa polepole, kama wanaomtazama anayewazunguka. Ndivyo mbuzi wafanyavyo mbwa wao anapopiga duru. Lakini zizi la Istahil halina mbwa.

Yeye huketi mlangoni mwa kibanda akasikiliza. Husikia makucha juu ya ardhi kavu, tak, tak, tak, kisha kimya kidogo, kama mguu mmoja unaogopa kukanyaga. Huweka bakuli la maji nje ya uzio. Jioni maji huwa yamepungua. Mumewe, Keinan, husema yamenywewa na jua.

Mbwa aliyetembea hivyo aliitwa Madow, yaani Mweusi. Walikuwa naye kule upande wa Habaswein, kabla ukame haujawahamisha. Hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Alilala nje, alikula mabaki, na chombo alichokigusa kwa ulimi kilioshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini fisi walimjua. Istahil alizoea kusema kwamba nusu ya mbuzi wake walizaliwa na mama zao, nusu nyingine walizaliwa na Madow.

Mwaka wa 2022, visima vilipokauka, walimpakia punda mizigo wakashika njia ya kusini kuelekea Tana. Siku ya nne Madow akaanza kuchechemea. Vitanga vya miguu yake vilikuwa vimebabuka kwa joto la ardhi, na kila alipokanyaga aliacha doa jekundu. Istahil alitoa shazia ya kushonea magunia.

"Baba Ayan, nikatie kipande cha ngozi ya yule mbuzi aliyekufa jana. Nimshonee viatu."

Keinan akacheka, kicheko cha mtu mwenye koo kavu. "Viatu vya mbwa? Tukikutana na watu watasema tumepatwa na wazimu. Mola amempa ngozi ya miguu, na imtoshe."

Istahil akairudisha shazia.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, walifika kwenye laga, mto mkavu wenye mgunga mmoja ukingoni. Madow alijitupa kivulini. Keinan akasema wapumzike mpaka jua lipoe. Lakini mpita njia alikuwa amewaambia kwamba boza, lori la maji, lingefika siku hiyo kwenye makazi yaliyo mbele, na Ayan, binti yao wa miaka minne, alikuwa juu ya punda, midomo imempasuka.

"Twende sasa," Istahil akasema.

Wakaenda. Madow aliinuka, akapiga hatua chache, akaanguka. Aliweka kidevu mchangani akawatazama. Istahil aligeuka mara moja tu. Walipofika, boza lilikuwa limeshaondoka. Maji waliyapata alfajiri iliyofuata, kwa watu waliowahurumia, na Ayan akapata nguvu. Hakuna aliyerudi lagani.

Hatua zile zilianza kusikika mwaka uliofuata, walipokuwa wamekwisha tulia Balambala. Hapo ndipo Istahil alipoanza kushona. Alishona vifuko vya ngozi, akavitia soli za mpira wa tairi, akawapa wenye mbwa. Mbwa walivitafuna kabla ya jioni. Wanawake kisimani wakamwita Mama Viatu. Hakujali. Alipomtazama mumewe akila au akilala, alikisikia kile kicheko.

Kisha akaja Ruweyda, daktari wa mifugo, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Istahil alimletea jozi mbili za viatu.

Ruweyda hakucheka. Alivigeuza mkononi, akamwita kwa heshima, kama shangazi. "Umeshona vizuri, eedo. Lakini mbwa wa huku hana haja navyo. Ngozi ya vitanga vyake hukomaa kwa kutembea. Akiwa na kidonda, mfunge kitambaa safi, umfungue kila siku."

"Na ardhi ikiwa ya moto?"

"Weka kiganja chako chini. Kikikuchoma, kinamchoma na yeye. Basi asitembezwe, akae kivulini."

"Kuna mmoja," Istahil akasema, "tulimwacha njiani tukihama, vitanga vimekwisha babuka. Angevaa hivi, si angepona?"

"Vingemzidishia. Jasho na uchafu vingebaki ndani ya kidonda. Alichohitaji ni maji na mapumziko."

"Mapumziko ya siku ngapi?"

"Siwezi kujua, eedo. Pengine angepumzika mpaka jua lipoe tu, angeweza kuwafuata, hata kwa kuchechemea."

Istahil alivichukua viatu vyake akaenda nyumbani. Keinan alikuwa akifunga miiba ya uzio.

"Miaka yote hii nimekulaumu kwa sababu ya kicheko," akamwambia. "Kumbe wewe ulisema tukae. Mimi ndiye niliyesema twende."

Keinan akakaza mwiba mmoja uzioni. "Mtoto alikuwa anakufa."

"Hakuwa anakufa. Alikuwa na kiu. Na wewe unajua."

Keinan akaiacha miiba. Wiki ile alimtafuta dereva wa lori la mifugo liendalo Habaswein, akamwomba awashushe karibu na ile laga. Walifika asubuhi. Mafuriko ya mwaka 2023 yalikuwa yamepita pale kwa nguvu. Mgunga haukuwepo, ukingo ulikuwa umebomoka, na mchanga ulilala laini kana kwamba hakuna kiumbe aliyewahi kuulalia. Walitafuta hata mfupa. Hawakuona.

Istahil akaita, "Madow!" Sauti ikaenda na laga, ikapotea. Keinan, aliyekuwa akiona haya hata kuonekana na mbwa mbele za watu, akaweka viganja mdomoni akaita naye, mara tatu. Kisha waliketi chini ya ukingo uliobomoka, jua likawa kali, malori mawili yakapita barabarani, na hakuna kati yao aliyesimama mpaka ardhi ilipopoa.

Istahil hashoni tena. Wakati wa kiangazi, yeye huwafuata njiani wanaohama na mbwa, huwaambia wainame waweke kiganja chini, na kikiwachoma, wakae. Wengine hukaa siku ya kwanza. Siku ya pili huondoka na jua lao kichwani.

Na mbuzi wangali wanasimama. Siku hizi, wanaposimama, Keinan naye huacha kula, akasikiliza.