Mkemia wa Bunia anayeifuata zebaki hadi jikoni

Asubuhi, pikipiki ya abiria inasimama mbele ya maabara ya kemia mjini Bunia. Mama mmoja anateremka kwa tahadhari, kwapani amebana kitu alichokifunga ndani ya kitenge. Dereva anadhani ni mafuta ya kula. Mwache adhani hivyo. Ni mkojo wa mkwe wake.

"Musoki, pokea mali yako," anasema Mama Angèle. "Barabara iko mashimo tupu, nimeishika sawa mayai."

Adeline Musoki, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anavaa glavu na kuipokea chupa kwa mikono miwili. Kazi yake ni kutafuta metali nzito, hasa zebaki, katika maji, udongo, samaki na miili ya watu. Haoni haya hata chembe.

"Mukojo haidanganyake," anasema. "Mutu ndiye anadanganyaka."

Na zebaki haitafutwi mbali. Dhahabu ya Mongbwalu, mji wa machimbo, hufika kwa baadhi ya wanunuzi ikiwa bado imeshikamana na zebaki iliyotumiwa kuinasa. Donge huwekwa motoni, zebaki hupaa kwa moshi usioonekana, dhahabu hubaki. Yves, mwana wa Mama Angèle na mnunuzi wa dhahabu, alikuwa akichoma madonge hayo jikoni kwao, juu ya mbabula ileile ya makaa inayoivisha maharage. Na mkewe, Rébecca, ana mimba.

Musoki ni jirani yao. Alipolijua hilo, usingizi ulimruka.

"Moshi ile inafikaka mpaka kwa mutoto mu tumbo," anasema, na sauti inampanda. "Ningenyamaza namna gani?"

Lakini alipoomba mkojo wa Rébecca, Mama Angèle aligeuka mbogo. Mkojo wa mjamzito utoke nje ya nyumba? Mlozi akiupata, si ataifunga mimba? Musoki hakubishana. Alimwalika aje ajionee mwenyewe. Mbele ya macho yake akamimina, akatia asidi, akafunga chombo na kukipasha moto, hadi yakabaki maji maangavu ya kutiwa kwenye mashine.

"Mulozi akija hapa, atarudia mikono mitupu!" Mama Angèle anacheka akikumbuka. Tangu siku hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuileta chupa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mikrogramu arobaini na moja kwa lita, juu mno. Yves akabeza. "Miye nachomaka miaka munane, na niko muzima," alisema, akaenda zake Mongbwalu kununua dhahabu.

Miezi miwili aliyokuwa huko, juu ya mbabula hakikukaa kitu ila sufuria. Kipimo kikashuka hadi kumi na sita. Yves akarudi, akachoma tena wiki kadhaa. Kikapanda hadi thelathini.

Hapo Musoki aliwaendea nyumbani, akaketi, akasema mbele ya mama na mke, "Yves, mwili ya bibi yako inajua siku ulitoka na siku ulirudia."

Yves alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Na mutoto? Amekwisha kuumia?"

"Sijui. Sitakudanganya," Musoki alimjibu. "Lakini akizaliwa, atavuta hewa ya nyumba hii. Na hewa ile, ni weye unaitengeneza."

Mama Angèle hakungoja mwanawe atafakari. "Beba vitu vyako, toka mu jikoni yangu!" alifoka. Yves akabeba. Siku hizi anachomea mbali na makazi, ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linaloupeleka moshi majini, zebaki ipoe na kukusanyika humo.

Sasa Rébecca yuko mwezi wa tisa. Musoki anakazia macho kioo cha mashine, akiomba umeme usikatike kama juzi, kisha anapiga makofi. Ishirini na moja, na bado kinashuka. Mama Angèle anapiga vigelegele humohumo maabarani, hata mlinzi anachungulia dirishani.

Mpango wa Musoki ni kwenda Mongbwalu kwenyewe, kwa wanunuzi wanaochoma kutwa kucha. Barabara mbovu haimtishi. Wabishi ni watu.

"Banaume ya kule wakisikia namba, wanachekaka," anasema akivua glavu. "Basi sitabeba namba. Nitamubeba Yves."